Kabla ya upasuaji wa utumbo, hesabuni kilo zinazopotea

Kwetu Wete, Pemba, mtu akinenepa husifiwa kwamba kanawiri, akikonda huulizwa uso kwa uso, "Mbona umekwisha hivi?" Siku hizi imeingia na fikra nyengine, ya kwenye simu: mnene akiugua saratani, akondeshwe haraka kabla hajapasuliwa. Nimemuuguza ami yangu, aliyekatwa kipande cha utumbo mpana kwa saratani, na anayeuguza leo namwomba asiishike fikra hiyo bila ya kumuuliza daktari.

Ami alikuwa mtu wa kitambi. Miezi ya mwisho kabla ya kugunduliwa, suruali zikaanza kumvuka, mkanda akautoboa matundu mapya kwa msumari. Jamaa wakampongeza! Daktari alipouliza kilo zake za zamani, hakuna aliyezijua. Ami akavua mkanda, daktari akahesabu matundu, uso ukambadilika.

Kukonda usikokutaka ndiko kunakowatisha madaktari. Aliyepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito ndani ya miezi 6 huhesabiwa yumo hatarini; kwa mtu wa kilo 80, hizo ni kilo 8 tu. Kidonda huchelewa kufunga, na maradhi mengine humwingia kwa wepesi. Miongozo ya lishe ya Ulaya inataka mgonjwa aliyedhoofu sana alishwe vizuri siku 7 hadi 14 kwanza, hata upasuaji wa saratani ukisogezwa. Dharura kama utumbo kuziba ni habari nyengine.

Unene nao una mambo yake. Huongeza uwezekano wa kuipata saratani hii tangu mwanzo. Kwenye chumba cha upasuaji, mafuta ya tumboni humziba daktari asiione vyema mishipa, kazi ikachukua muda, na ule upasuaji wa matundu madogo huenda ukageuka wa kupasua tumbo. Baadaye kidonda hutunga usaha kwa urahisi, na ngiri huweza kutokea palipokatwa. Lakini kwenye kuishi, tafiti nyingi zimewakuta waliozidi uzito kidogo wakiishi sawa na wa kawaida, pengine zaidi. Wanaoumia ni wembamba mno na wanene wa kupindukia. Mizani haitofautishi msuli na mafuta. Mnene aliyekwisha misuli huonekana ana akiba, kumbe hana.

Kwa hiyo mpimeni kila wiki, mizani ile ile, muandike. Ami aliikataa nyama, akakubali supu ya samaki changu, mayai, na uji wa mtama wenye maziwa, kidogo kidogo mara nyingi. Jirani alileta asali na habasoda. Sina ugomvi navyo. Ugomvi wangu ni ushauri wa kumnyima mgonjwa chakula "ili saratani ife njaa". Atakayedhoofu mwanzo ni mgonjwa.

Jengine watu hawaliulizi. Tulipovuka kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa dawa za dripu, nilijua kwamba dozi hupigiwa hesabu ya urefu na uzito. Zamani wanene wengi walipunguziwa kwa hofu ya sumu ya dawa. Tangu 2012 miongozo ya Marekani inasema wapewe kamili kwa uzito wao halisi. Ulizeni kwa adabu: "Daktari, dozi hii ni ya kilo za leo?"

Na mgonjwa atembee. Utafiti uliotangazwa 2025, kwa waliomaliza upasuaji na dawa, ulikuta kwamba baada ya miaka 8 waliosimamiwa mazoezi walikuwa hai asilimia 90, na waliopewa vitabu vya ushauri tu asilimia 83. Ami huuacha msikiti wa jirani akenda kuswali alasiri ule wa mbali, huku analalamikia goti. Tulichomkataza wiki za mwanzo ni kunyanyua vizito, kwa ajili ya ngiri. Ndoo za maji tulibeba sisi, na kelele zake tukazivumilia.