"Dinari ya fedha" na "konsuli wa tano"

SWALI: Ninaandika maelezo ya picha za sarafu za kale za Roma. Chini ya picha moja nimeweka: "Dinari ya fedha ya Kaisari Trajan, konsuli wa tano." Nyuma ya sarafu pameandikwa COS V P P S P Q R OPTIMO PRINC. Mwenzangu anasema dinari ni dhahabu na fedha ni pesa, hivyo "dinari ya fedha" haina maana. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kwenye dinari na fedha uko sahihi. Kosa liko mwishoni, pale ambapo mwenzako hakugusa.

Hata hivyo, anayo sababu ya kusema hivyo. Neno dinari tumelipata kwa Waarabu, na dinari yao ilikuwa ya dhahabu. Sarafu ya fedha waliiita dirhamu. Lakini asili ya jina ni denarius ya Warumi, sarafu ya fedha iliyoanza kupigwa yapata mwaka 211 kabla ya Kristo. Ndiyo dinari ya Biblia, ile aliyoletewa Yesu alipotaka kuonyeshwa fedha ya kodi. Kwa hiyo "ya fedha" hapo si ziada: inamwondolea shaka msomaji aliyezoea dinari ya Kiarabu. Wala hatadhani ni pesa. Tunasema bangili ya fedha kila siku na tunaelewana.

Sasa "konsuli wa tano". Konsuli kilikuwa cheo cha juu cha uongozi Roma. Kwa Kiswahili maana yake ni kwamba kabla ya Trajan walikuwapo makonsuli wanne, kama tunavyosema rais wa tano. Roma ilikuwa na makonsuli wawili kila mwaka kwa karne nyingi! COS V (COS ni kifupi cha konsuli, V ni tano) ni hesabu ya mtu mmoja: Trajan ameshika ukonsuli mara tano. Andika "konsuli kwa mara ya tano". Kosa hili linaharibu hata utambuzi wa sarafu, maana namba hiyo ndiyo inayotupa tarehe. Trajan alipata ukonsuli wa tano mwaka 103 na wa sita mwaka 112, basi dinari yako ni ya kati ya 103 na 111.

P P ni Pater Patriae. "Baba wa Taifa" ni tafsiri sahihi, ila kwa Mtanzania jina hilo lina mwenyewe. Mimi ningeandika "Baba wa Nchi". Herufi zinazobaki zinasema kwamba Seneti na watu wa Roma wanaitoa kwa mtawala aliye bora kuliko wote. Usiache hilo "kwa", kwa sababu OPTIMO imeishia na O kuonyesha anayepewa.

Tahadhari moja kwa picha zako zijazo: si kila sarafu ya fedha ya Warumi ni dinari. Kuanzia mwaka 215, chini ya mfalme Caracalla, ilitoka antoniniani, ambayo kichwani mwa mfalme ina taji lenye miale badala ya shada la majani. Na zile za mfalme Gallienus, miaka ya 260, zina fedha kidogo mno ndani yake. Hizo ziite "antoniniani za shaba zilizopakwa fedha".