Kabla ya kutafuta kihisi kipya, kijue ulicho nacho

Kila mwaka wanafunzi wawili watatu wa kemia au fizikia huniuliza waanzie wapi kwenye utafiti wa vihisi vya gesi, yaani vifaa vinavyotambua gesi hewani. Wengi wameshaamua: wanataka kutengeneza oksidi (metali iliyoungana na oksijeni, ndiyo inayohisi gesi) ambayo hakuna aliyewahi kuijaribu. Nami nilianza hivyo hivyo, nikapoteza karibu mwaka mzima.

Nilitaka kupima kaboni monoksidi, gesi ya jiko la mkaa. Haina rangi wala harufu, na huua watu usingizini pale jiko linapolazwa ndani na madirisha kufungwa. Kihisi changu kilikuwa cha oksidi ya bati, ukoo wa vile alivyovibuni Naoyoshi Taguchi huko Japani miaka ya 1960. Ukiipasha moto hadi nyuzi 300 hivi, oksijeni ya hewani hung'ang'ania juu yake na kushikilia elektroni, umeme ukapita kwa shida. Kaboni monoksidi ikifika huichukua oksijeni ile, elektroni zikaachiwa, ukinzani (ugumu wa umeme kupita) ukashuka. Kushuka huko ndiko tunakopima. Ila gesi zinazoweza kuichukua oksijeni hiyo ni nyingi, na hapo ndipo niliponasa.

Kisanduku changu kilivuta hewa ya chumbani. Kila siku ya kazi, mnamo saa nne asubuhi, grafu ya ukinzani ilianguka ghafla, ikachukua kama dakika ishirini kurudi. Nilibadilisha nyaya, nikabadilisha hita, nikachoma unga wa oksidi upya kwenye tanuri. Wiki ya tatu nikavuta kiti, nikakaa kando ya meza bila kugusa kitu. Dada wa usafi akaingia, akamimina spiriti kwenye kitambaa, akaanza kufuta meza ya jirani. Hakuwa amefika nusu ya meza, grafu ikaporomoka. Oksidi ya bati huuitikia mvuke wa spiriti kwa nguvu sana.

Kwa hiyo nawasihi, wadogo zangu: mkipata kihisi, hata cha kununua dukani, kiwasheni siku mbili kitulie, kisha kisogezeeni spiriti, manukato, kitunguu kinachokaangwa, pumzi yenu wenyewe. Andikeni kila kinachotokea. Kwenye daftari kila kipimo kiandamane na joto la chumba, unyevu wa hewa, na nani aliingia akiwa na nini mkononi.

Unyevu usiuache hata siku moja. Vipimo vyangu vizuri kuliko vyote nilivipata kwa hewa kavu ya mtungi. Masika ya Dar es Salaam yalipoingia, kihisi kilekile, kwa kiasi kilekile cha gesi, kikajibu kwa unyonge, maana mvuke wa maji nao hugombea nafasi juu ya oksidi. Jiko la mkaa haliwaki ndani ya mtungi wa hewa kavu. Jaribu kihisi chako penye unyevu tangu wiki ya kwanza, hata kama grafu itakuwa mbaya na msimamizi wako anaidai makala.

Mwenye nia aniandikie. Grafu zitasubiri, nitumieni kwanza picha za kurasa tatu za daftari, zikiwa na siku ambayo kipimo kiliharibika.