Maswali ya Wasomaji: Chui milia aliyekwisha anarudishwaje?

SWALI: Mhariri, salaam. Nasikia Kazakhstan wanamrudisha chui milia wa Kaspi, na huku tunaambiwa alishatoweka. Aliyekwisha anarudije? Sisi nguruwe mwitu wanatumalizia mihogo. Tukiongezewa simba wa Saadani si watapungua? – Msomaji, Mkwaja, Pangani.

JIBU: Mwenyewe harudi. Wa mwisho kujulikana aliuawa Uludere, Uturuki, mwaka 1970. Kinachorudishwa ni kazi yake ya kuwinda, na anayepewa kazi hiyo ni chui milia wa Amur, wa mashariki ya mbali ya Urusi. Uchunguzi wa vinasaba wa 2009 ulionyesha kuwa hao ni karibu damu moja.

Wa Kaspi aliishi kwenye matete ya kandokando ya mito, akila nguruwe mwitu na kulungu. Bunduki zilimpunguza sana, lakini matete nayo yalifyekwa kupisha pamba, na nguruwe wakaisha. Ndiyo maana kule Kazakhstan, katika hifadhi ya Ile-Balkhash iliyoanzishwa 2018, hawakuanza na chui milia. Kwanza maji ya mto Ili, ambayo bwawa la Kapchagay limeyapunguza tangu 1970. Halafu msitu wa mtoni. Halafu kulungu wa Bukhara. Hesabu yenyewe: chui milia mmoja hula wanyama wakubwa kama 50 kwa mwaka, na ili wasiishe, lazima wawepo kama 500 wanaozaana. Mlete kabla ya kitoweo, utamkuta zizini.

Mwaka 2024 walipelekwa wawili wa Amur kutoka Uholanzi, dume na jike. Hao hawakupangiwa kuachiwa. Mpango ulikuwa kuachia watoto wao, wakue ndani ya uzio bila kumwona mtu akileta nyama. Akishajua chakula hutoka kwa mtu, atakifuata hadi kijijini.

Nguruwe wa Mkwaja ni habari nyingine. Hutoka usiku, mchana hujificha vichakani, na anayemuweza hasa ni chui wenu wa madoadoa. Simba wa kuongezwa watakwenda kwa nyati na kuro, kisha kwa ng'ombe wenu. Afadhali mtegue mitego ya waya, maana hunasa chui vilevile. Na mbwa wanaolinda mashamba wapewe chanjo ya distempa, ugonjwa wa mbwa unaoambukiza pia simba na chui: mwaka 1994 ugonjwa huo uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, na chui milia wa Amur nao umewaua.