Kumtambua karani tamba: maneno kwa wanaoanza kuhesabu ndege wa nyika

Wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia rangi, nami nilianza hivyo hivyo. Siku zangu za mwanzo niliandika "korongo" daftarini kwa ajili ya ndege wa kijivu aliyekuwa akikatiza nyasi kwa mbali, huku joto likitetemesha hewa. Alipoinamisha kichwa na kuanza kuikanyaga ardhi kwa kishindo, nililifuta neno hilo kwa aibu. Tangu hapo huuangalia mwendo kabla ya manyoya.

Karani tamba ni jamaa wa tai na mwewe, lakini huwinda kwa miguu. Hutembea kilomita 20 au zaidi kwa siku, hatua kwa hatua, mara nyingi dume na jike wakiachana umbali mfupi, na akishtuliwa hukimbia kwanza kabla ya kuruka. Panzi, panya na mijusi wanaokurupushwa na hatua zake hupigwa teke na kumezwa. Nyoka pia huuawa hivyo, ingawa sifa hiyo imevuma kupita kiasi, kwani wadudu na panya ndio chakula chake cha kila siku.

Akisimama hufikia mita 1.2 hivi. Tazama kishungi cha manyoya marefu meusi kisogoni, mdomo uliopinda kama wa tai, na manyoya meusi ya mapajani yanayomfanya aonekane amevaa kaptura. Ngozi tupu ya usoni ni ya rangi ya chungwa kwa mkubwa na ya manjano kwa mdogo, jambo linalosaidia kukadiria umri. Angani miguu hutokeza nyuma, na ndiyo inayowafanya watu wamdhanie kuwa korongo. Basi tafuta manyoya mawili marefu ya katikati ya mkia, ambayo korongo hana.

Jioni hupanda juu ya mgunga kulala, na tago lake, pana na bapa, huwa kwenye kilele cha mti wa namna hiyo. Mayai huatamiwa siku 45 hivi, na makinda hukaa tagoni miezi miwili hadi mitatu, kwa hiyo tumia darubini wala usisogee chini ya mti: tangu mwaka 2020 ndege huyu amewekwa katika kundi la walio hatarini kutoweka duniani. Daftarini, pamoja na idadi na saa, andika urefu wa nyasi, kwa kuwa hupenda zilizo fupi na huhama zikimzidi.