Alivaa Helmeti, Mbona Nyundo Ikamuumiza?

SWALI: Tunajenga ghorofa huku Kondele, Kisumu. Mwezi jana nyundo ilimponyoka fundi kutoka mita 10 hivi, ikamwangukia kibarua aliyekuwa chini akikoroga simiti. Alikuwa na helmeti lakini alizirai, na shingo ingali inamuuma. Mkandarasi anasema ni uzembe wake kusimama pale, hivyo hana haki ya fidia. Je, helmeti ilikuwa feki?

JIBU: Kwanza arudi hospitali leo, shingo ipigwe picha. Akianza kutapika, kusinzia ovyo au mkono ukifa ganzi, msingoje kuche.

Helmeti huenda ilikuwa nzima. Kipimo cha Ulaya cha EN 397 huiangushia uzito wa kilo 5 kutoka mita 1. Nyundo ya kilo 1 ikitoka mita 5 ina kishindo kicho hicho. Ikitoka mita 10 ni maradufu, nayo hutua kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Hiyo iliyopigwa itupwe hata kama hamwoni ufa. Na msifiche simu wala pesa kati ya kichwa na ganda, maana nafasi hiyo ndiyo inayomeza pigo.

Dawa iko juu, alipo fundi. Nyundo na pimamaji vifungwe kwa kamba kwenye mshipi au nguzo. Pembeni mwa jukwaa pigilieni ubao uliosimama wima, sentimita 15 kwenda juu, usioacha mwanya chini; matofali yakiupita kimo, wekeni wavu. Tunachokiogopa zaidi ni ndoo ya rangi ya lita 20 kwenye kapi. Ikijaa simiti iliyokorogwa hufika kilo 40, na mkono wake hung'oka pale unaposhikana na plastiki. Tumieni ndoo ya chuma na kulabu yenye kifungo. Simiti ikorogwe mbali na ukuta, kwa sababu kitu kikigonga nguzo njiani hurukia kando. Mlango wa kuingilia jengo uezekwe mbao.

Kuhusu fidia, mkandarasi anakosea. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 haimnyimi mtu haki kwa kuwa alisimama mahali pabaya. Isipokuwa awe amefanya kosa kwa makusudi, na hata hapo ulemavu mkubwa au kifo hulipwa. Mwajiri akishaarifiwa ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, saa 24 kukiwa na kifo. Kama hakuripoti, kibarua aende mwenyewe ofisi hiyo na karatasi za hospitali na majina ya walioshuhudia, kabla miezi 12 haijaisha tangu siku ya ajali.