Masika nashona, kipupwe napiga picha

Mwezi wa Mei, miaka minne iliyopita, nilitoa kamera kwenye begi lake baada ya wiki saba za mvua. Nilipoielekeza lenzi dirishani nikaona nyuzi nyeupe zimetambaa ndani ya kioo, nyembamba kama utando wa buibui. Ulikuwa ukungu. Lenzi hiyo ya milimita 50 niliidunduliza mwaka mzima, na imeharibika ikiwa imelala kabatini. Siku hiyo hiyo, juu ya meza, kulikuwa na shuka la viraka nililomwahidi wifi yangu wa Lushoto kwa ajili ya arobaini ya mwanawe. Mtoto alikuwa ameshaanza kukaa mwenyewe.

Niliumia sana. Navipenda vitu hivi viwili kwa moyo mmoja, na vyote viwili nilikuwa nimevitupa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Nina watoto wawili, cherehani ya miguu niliyorithi kwa mama, kamera niliyoinunua mkononi mwa mtu, na meza moja. Hiyo meza ndiyo ya chakula, ya madaftari ya wanafunzi na ya kukatia vitambaa. Kabla ya Mei ile nilikuwa nimejiwekea utaratibu: Jumamosi kamera, Jumapili cherehani. Nilidhani ndiyo haki. Kumbe mvua haijui Jumamosi. Jumamosi inanyesha kutwa, kamera inabaki kabatini. Jumapili jua linatoka limeoshwa, milima ya Usambara inaonekana hadi mjini, na mimi nimeinama kwenye mshono huku macho yako nje. Juu ya hayo, shuka la viraka halikubali kushonwa siku moja kwa wiki. Nusu ya siku inakwisha unatafuta ulipoishia, unapanga upya viraka, ukianza kuzoea tu ni magharibi, utoe kila kitu mezani watu wale.

Watu waliniambia methali tunayoijua wote, ya mshika mawili. Nikakaa nayo. Mwishowe niliona kwamba sikuhitaji kuacha kimoja. Nilihitaji kuacha kugawa wiki, nianze kugawa mwaka. Sisi wa pwani mwaka wetu umeshagawanywa tangu zamani, na wavuvi wanaufuata: kaskazi, masika, kusi, vuli. Nilichofanya ni kuuliza kila msimu unafaa kazi gani.

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni joto. Shuka zito mapajani wakati huo ni mateso, kwa hiyo siungi chochote kikubwa. Ila ni msimu bora wa kufua. Vitenge na kanga lazima vifuliwe kabla ya kukatwa, kwa sababu pamba hunywea na rangi hutoka. Ukishona kwanza ukafua baadaye, shuka linajikunja na nyekundu inamwagika kwenye nyeupe. Loweka kila rangi peke yake, suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha anika kivulini penye upepo, maana jua la Februari hubabua rangi. Kwa wiki mbili kamba yangu inajaa mabaki ya vitambaa, na majirani wameshazoea.

Mabaki hayo nayachukua kwa mafundi cherehani wa Ngamiani. Wakati mzuri wa kwenda ni siku chache kabla ya Idi, kabla ya Krismasi, na kabla shule hazijafunguliwa Januari, wanaposhona usiku na mchana na sakafu imejaa vipande. Kwa kuwa mwezi wa Ramadhani huwahi kwa siku kama kumi na moja kila mwaka, tazama kalenda mapema. Nenda na mfuko wako, msaidie fundi kufagia, na umpelekee kitu cha kufuturu. Mimi na fundi wangu wa barabara ya kumi na mbili tumeelewana hivyo kwa miaka.

Kamera nayo wakati wa kaskazi inafanya kazi alfajiri tu. Mwanzoni mwa Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua letu la saa sita linasimama utosini kabisa. Mtu hana kivuli, na macho yake kwenye picha yanakuwa mashimo meusi. Huku karibu na ikweta jua hupanda wima na haraka. Mwanga laini wa asubuhi haudumu hata dakika sitini. Natoka na baiskeli saa kumi na moja na nusu, napiga picha pale soko la samaki la Deep Sea mashua zikiingia, na saa moja na robo niko shuleni.

Halafu masika. Hapa ndipo penye nguvu ya mwaka wangu wote, na ndipo nilipokuwa nikikosea.

Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Mei sipigi picha nje isipokuwa nimekutana na kitu njiani. Nimeacha kujisikia vibaya kwa hilo. Kamera naifuta, natoa betri, naiweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Begi la kamera ni adui: kitambaa chake kinanyonya unyevu na ndani ni giza, na ukungu unapenda vyote viwili. Kila Jumapili nafungua ndoo, natoa lenzi, naiacha mwangani dirishani kwa dakika chache, naitazama, nairudisha. Ni dakika kumi zinazolinda akiba ya mwaka. Na ndoo hiyo isikae kabati moja na vitambaa, kwa sababu nyuzinyuzi za pamba huingia kwenye kamera na kuacha madoa kwenye kila picha ya anga.

Meza sasa ni ya cherehani. Umeme ukikatika sijali, kwani miguu yangu ndiyo mota. Shuka ninalopenda kushona ni la miraba: nakata viraka vya inchi tano na nusu, naacha nafasi ya mshono robo inchi kila upande, kwa hiyo kila kimoja kinabaki inchi tano. Viraka 12 kwa upana na 15 kwa urefu ni viraka 180, shuka la inchi 60 kwa 75, linalofunika vizuri kitanda cha futi nne kwa sita. Ukilitazama lote utakata tamaa. Mimi nalihesabu kwa mistari. Mstari mmoja wa viraka 12 kila jioni, watoto wakishalala, ni nusu saa na kidogo. Jioni 15 mistari imekwisha, na meza inarudi kuwa meza kila usiku kwa sababu mstari mmoja unakunjika na kuingia kwenye bahasha. Anayejua kusuka mkeka ataelewa upesi: ukili unasukwa mrefu kwanza, kuuunga kuwa mkeka ni kazi ya siku nyingine.

Kuunga mistari, kuweka blanketi jepesi la zamani katikati na kanga chini, kupiga bandi ili tabaka tatu zisiteleze, na kushona pindo, hayo nayaacha kwa mwishoni mwa Aprili na Mei, hewa ikishapoa. Mwezi wa Juni baridi ya Lushoto inapoanza kuuma, shuka liko tayari kupanda daladala. Nikianza kuchelewa sasa najua kabla ya wenzangu kujua, kwa sababu bahasha zinahesabika.

Kamera inanisaidia hata ikiwa ndooni, kwa maana ya jicho. Kabla ya kushona mstari wowote natandaza viraka vyote sakafuni, napanda juu ya kiti, napiga picha kwa simu na kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe. Rangi zinatudanganya. Nyekundu na kijani vinapigana machoni ukadhani viko mbali, kumbe kwenye nyeusi na nyeupe vyote ni kijivu kile kile na shuka zima linalala kama uji. Nikiona hivyo nabadilisha, napandisha viraka vyeupe au vyeusi kabisa mahali ambapo jicho linataka kupumzika. Hakuna somo la ushonaji lililonifaa kuliko hili, na lilitoka kwenye upigaji picha.

Kipupwe, upepo wa kusi ukivuma, mambo yanageuka. Shule zinafunga Juni, jua ni la upole, machungwa ya Muheza yamepangwa kando ya barabara, na kati ya mistari ya mkonge vivuli ni virefu. Cherehani naifunika kwa shuka. Naifunika kweli, ili nisiione.

Msimu huu nagawa wiki kwa mwezi wa angani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua: bahari inapwa mbali sana, na huku kwetu mapwa yake makubwa ya mchana huangukia katikati ya asubuhi. Wanawake wanashuka na ndoo kuokota chaza na kutafuta pweza, miamba inafunguka, maji yaliyobaki madimbwini yanabeba mbingu. Siku tatu au nne hizo ni za kamera, na nyumbani wanajua kwamba chakula cha mchana kitakuwa viazi. Mwezi ukiwa nusu angani ni maji mafu, bahari haiendi popote, nami nakaa nyumbani kuchagua picha, kufua, kusahihisha madaftari. Majedwali ya maji kujaa na kupwa yanapatikana bure mtandaoni, lakini mvuvi yeyote atakuambia bila kutazama popote. Ukirudi kutoka baharini futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Chumvi ya kusi inakula vyuma.

Sishoni kwa cherehani miezi hiyo, ila mkono hauwezi kukaa bure, hasa ninaposubiri mwanga au daladala. Hapo nimejifunza kwa wanawake wa Siddi wa jimbo la Karnataka, India, watu ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi wao wakivushwa bahari hii kama watumwa. Wao hushona mashuka yaitwayo kawandi, kwa mkono mtupu, bila fremu. Huanzia pembezoni, wakikunja ncha za kila kiraka na kukishonea juu ya sari kuukuu, mstari kwa mstari, wakizunguka kuelekea ndani hadi wakutane katikati. Kwenye pembe huweka vitambaa vidogo vilivyokunjwa kama maua, phula, na shuka lisilo na phula huhesabika liko uchi. Nilipoziona picha za kazi zao nilizitazama muda mrefu. Mimi naanza kipande kidogo cha mtoto, nakiweka mkobani pamoja na sindano, uzi na mkasi mdogo, na kinatembea nami kuanzia Pangani hadi Lushoto. Hakina tarehe. Kikiisha kimeisha.

Vuli ni fupi na sina mengi ya kusema juu yake. Mvua ikianza naingia ndani na picha za kipupwe, nachagua ishirini tu za mwaka mzima, nazisafisha karatasini. Zilizobaki nazihifadhi kwenye diski mbili, moja nyumbani na moja kwa dada yangu. Novemba namalizia zawadi zilizobaki. Desemba sitoi ahadi yoyote, hata ya harusi, hata kwa mtu ninayempenda. Namwambia mapema, na kwa heshima: "Nisamehe dada, mwezi huo sina mikono." Wamenielewa wengi kuliko nilivyotegemea. Ahadi ndizo zilizonimaliza mwaka ule, kuliko hata uchache wa muda, kwa sababu nilikuwa nasema ndiyo nikiwa na furaha, bila kuuliza ni msimu gani.

Wifi alipolipata shuka lake hatimaye, hakunilaumu. Alilikunja mara mbili akamkalisha mwanawe juu yake barazani. Ila mimi nilijua.

Mwaka jana, bamvua la Agosti, kule Mwambani nilimkuta bibi mmoja akigeuza mawe kwa kijiti. Sipigi picha ya mtu akiwa kazini bila kumwomba.

"Shikamoo bibi. Naomba nikupige picha."

"Marahaba mwanangu. Nipige, lakini niletee niione."

Bamvua lililofuata nilimpelekea picha mbili zilizosafishwa. Alizitazama, akaziweka kifuani ndani ya kanga, akaenda nyumbani kwake akarudi na kanga nyingine, kuukuu, laini kama ngozi ya mtoto, pindo limefifia. Akasema amesikia nashona viraka. Nilitaka kuikataa, akanikazia macho.

Kanga hiyo nimeifua kaskazi hii, nikaianika kivulini. Nimekata mji wake, ile sehemu ya katikati, viraka 24, na pindo nimelihifadhi kwa ajili ya ukingo. Jina lake sijaligusa. Maandishi yanasomeka bado, na nikilikata robo inchi kila upande herufi za kwanza zitaingia ndani ya mshono. Nimeuweka ukanda huo peke yake kwenye bahasha ya mstari wa nane, katikati ya shuka, na kwa mara ya kwanza mstari huo utakuwa kipande kimoja kirefu badala ya viraka 12. Shuka likiisha Mei, nitampelekea bibi kwenye bamvua la kwanza la Juni.