Na Mimi ni Matumizi ya Serikali

Mmeuliza wiki hii: je, umewahi kupingana na marafiki zako kuhusu siasa, na urafiki ukabaki? Wangu ulibaki, lakini kwa muda ulibaki kwa M-Pesa tu.

Tuko wanne, tulijuana chuoni, sote twaishi Mombasa. Jumamosi moja kila mwezi twakutana Bamburi kwa mmoja wetu, kwa mahamri na mbaazi na chama chetu kidogo cha kuchangiana pesa. Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kodi mpya, ulipotoka, sote tuliukasirikia. Mkate utozwe VAT ya asilimia 16! Gari litozwe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka! Lakini Juni 18 ushuru huo wa mkate na wa gari ukaondolewa, kabla hata wabunge hawajapiga kura, nami nikaona basi tuendelee kuvutana nao hivyohivyo, kipengele kwa kipengele. Wenzangu walitaka ukataliwe wote, serikali ibane matumizi.

Hilo neno "matumizi" ndilo lililonichoma. Nilikuwa mwalimu mwanagenzi wa JSS, yaani sekondari ya chini, posho shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na ajira ya kudumu ya walimu 46,000 kama mimi ilitegemea bajeti hiyohiyo. Wenzangu wakisikia matumizi waliona misafara ya magari na safari za ng'ambo. Mimi nilijiona mwenyewe. Serikali ikiambiwa ikaze mshipi, haianzi na kiuno chake.

Sikusema. Niliogopa kuitwa msaliti, basi nikala mahamri yangu kimya.

Juni 25 shoga yangu mmoja alikuwa kwenye maandamano Moi Avenue na bango lake, akarudi macho mekundu kwa vitoa machozi. Nairobi watu walipigwa risasi nje ya Bunge. Kesho yake Rais akakataa kuutia saini mswada, na siku chache baadaye akataja ajira ya walimu wa JSS miongoni mwa mambo yatakayokwama. Ijumaa ya Julai 5 akatangaza kupunguza matumizi kwa bilioni 177 na kukopa bilioni 169.

Jumamosi yake nikaingia Bamburi, hata viatu sijavua, nikasema, "Haya, mmefurahi sasa?"

Tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilikuwa tayari imehesabu vifo 39. Niliyajua hayo, na bado nikafungua mdomo. Shoga yangu aliweka kikombe chini taratibu. "Mwezi wa tano ulipogoma wewe, nani kati yetu alikuuliza pesa zitatoka wapi?"

Kweli nilikuwa nimegoma. Na kodi ya nyumba yangu mwezi ule wa mgomo, yeye ndiye aliyenilipia.

Sikwenda Bamburi mwezi uliofuata, wala ule mwingine. Mchango wa chama nilituma kwa simu, bila salamu, nao walipokea bila salamu. Nikiangalia nyuma, sijutii nilichokiamini. Hoja ile ingekuwa na maana mapema Juni, nilipokuwa bado naweza kubishiwa na mtu ambaye hakuwa ametoka kuvuta moshi wa vitoa machozi. Niliiweka mfukoni mpaka ikaharibika, kisha nikaitoa msibani.

Baadaye pesa za walimu zikarudishwa kwenye bajeti, na Januari 2025 tukaajiriwa. Wenzangu husema hiyo ndiyo dalili kwamba pesa zilikuwapo siku zote. Mimi nasema zilipatikana kwa sababu tulikuwa wengi na tulipiga kelele. Mgonjwa wa zahanati aliyekosa dawa hana chama cha wafanyakazi. Hapo hatujaafikiana hadi leo.

Desemba 2024, baadhi ya vipengele vya mswada ule vilirudi ndani ya sheria nyingine ya ushuru, ikatiwa saini tarehe 11. Safari hii barabara hazikufungwa na waandamanaji. Nilipofika Bamburi mwezi huo nilijifunga mdomo kabisa, nikajishughulisha na mbaazi. Shoga yangu akanimiminia chai, akanitazama.

"Haya, sema. Najua unataka kusema."

Nikasema. Tulibishana mpaka adhana ya Isha, na chai yangu ikapoa.